Rangi Aliyoichagua Salumu

Naomi na Grasi, mmeniomba niwaandikie namna ya kumsaidia mteja kuchagua rangi za gari. Mmerithi meza yangu, kiti changu kinacholia na sanduku langu la sampuli, lakini mnasema maelezo hamkuyakuta kwenye droo. Ni kweli, hayakuwamo. Yalikuwa kichwani, na kichwa niliondoka nacho nilipostaafu. Sasa nina miezi mitatu nyumbani hapa Dilala, Kolwezi. Bustani yangu ya lengalenga, mchicha wetu, nimeshaipalilia mara nyingi kuliko inavyohitaji, basi nakaa chini nawaandikia. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Siku ya kwanza nilipoingia katika ile ofisi ya kuagiza magari, niliajiriwa kupiga chapa. Kila gari lilikuwa na fomu yake, na kila rangi ilikuwa na namba yake: namba ya nje, namba ya viti, namba ya zulia. Mimi rangi sikuwa nazijua, nilijua kupiga namba haraka. Fomu yangu ya kwanza ilikuwa ya masista wenye zahanati, waliotaka basi dogo la kijivu la kubebea wagonjwa. Nikageuza tarakimu mbili. Baada ya miezi minne basi likashuka kwenye lori uwanjani petu, la manjano kama papai lililoiva sana. Nilisimama nyuma ya mlango nikiomba ardhi ipasuke. Sista mkuu alilizunguka mara moja, polepole, mikono nyuma.

"Basi," akasema, "bagonjwa batatuona ya mbali."

Akalichukua hivyo hivyo. Basi lile lilitembea Kolwezi miaka mingi, na kila liliponipita barabarani nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, hata siku nilizovaa ndala.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Mwilambwe. Wakati huo alikuwa tayari ameshapata pensheni yake ya kwanza. Alikuwa amepaka rangi katika karakana ya kampuni kubwa ya migodi tangu ujana wake, malori, winchi, vitanda vya hospitali, hata majeneza. Kwetu alikuwa akifuta mikwaruzo ambayo magari hupata njiani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kikohozi kikavu, na kucha za kidole gumba zenye rangi ya kazi ya jana. Baada ya kisa cha masista alikuja mezani kwangu, akachukua kitabu cha rangi nilichokuwa nasoma kwa bidii, akakifunga.

"Mama Beatrisi, rangi haiko mu kartasi. Rangi iko mu jua. Kuya."

Tukatoka. Alinifundisha kuweka vibati vya sampuli juu ya ukuta wa uwanja, si juu ya meza. Mnavijua vile vibati vilivyopinda kama mgongo wa kijiko. Vimepindwa kwa makusudi, kwa sababu gari halina mahali palipo sawa kama karatasi, na rangi ile ile huwa na giza upande mmoja na mwanga upande mwingine. Viangalieni asubuhi, saa sita na jioni. Vimwagieni maji, mvione kama siku ya mvua. Kisha chukueni vumbi la barabarani, ile poda nyekundu yetu ya kiangazi, mnyunyize juu. Mteja akikipenda kibati chenye vumbi, hiyo ndiyo rangi yake. Akikipenda kikiwa safi tu, mwambieni ahamie mji mwingine.

La pili: anzeni ndani. Wateja wote huanza nje. Tata Mwilambwe alikuwa akiwaacha waseme, kisha anauliza, akigonga boneti la gari, "Na weye utaketi wapi? Juu ya kapo? Inje iko ya bajirani. Mu ndani njo unaishi." Ngozi nyeusi inapendeza kwenye picha, lakini kuna mteja wetu aliyeiagiza, na lilipofika joto la Oktoba akawa anaendesha amekalia taulo. Ngozi nyeupe hunywa rangi ya suruali mpya za jinzi, na hairudishi. Nyekundu ndani na nyeupe nje huombwa na wanaume wenye umri fulani, na mkijaribu kuwazuia mtapoteza muda wenu. Andikeni namba, mhakikishe mara tatu.

Magari ya spoti yalikuja baadaye, wakati kobalti ilipoleta watu na pesa kutoka kila upande. Mwanzoni tulicheka. Gari la chini kiasi kwamba kuku akilala barabarani lazima aamshwe, lingetembea wapi hapa? Lakini barabara ya Likasi ni ya lami, na mtu aliyechimba chini ya ardhi miaka kumi ana haki ya kukaa karibu na ardhi kwa namna nyingine. Niliagiza mengi, na mengi nimeyasahau. Gari la Salumu sijalisahau. Salumu mwenyewe ameniruhusu niandike habari yake. Alisema nisibadilishe kitu isipokuwa nimpunguzie tumbo.

Salumu ni wa familia za wafanyabiashara Waislamu waliotoka upande wa Maniema. Alifika Kolwezi kijana, akachimba Musonoi pamoja na wenzake, na wakati ninaosimulia alikuwa na depo yake huko huko, akinunua mawe kwa wachimbaji. Alikuja ofisini saa nne asubuhi, peke yake, viatu vimefutwa hata chini ya kisigino.

"Yambo, mama."

"Yambo, tata. Karibu, ikala."

Hakukaa. "Nataka gari ya bantu babili."

"Pikapu?"

"Hapana. Ile ya chini. Ya kukimbia. Milango mbili, biti mbili, basi."

Nikachukua fomu. Wengine wakiomba gari kama hilo huanza kusema habari za injini. Yeye alianza kusema habari za mkewe. Zaina na yeye walikuwa na watoto sita, na mama mkwe, na kila safari yao ilikuwa ya watu tisa na mizigo. Siku moja, katikati ya njia ya Likasi, gari limejaa, mtoto mmoja anatapika na mwingine anaimba, Zaina alisema kwa sauti ndogo, "Siku moja tutapita hapa siye babili tu." Hakusema tena. Hiyo ilikuwa miaka minane kabla ya siku ile ya ofisini.

"Hajue kama niko hapa," Salumu akasema. "Asijue mpaka siku ile."

"Sawa. Rangi ya inje?"

"Ya malakiti. Zaina anapenda ile rangi. Mu ndani uweke ya tumbako."

Malakiti mnaijua, lile jiwe la shaba la kijani linalofanya hata mtu mchovu ainame aliokote. Kijani na tumbako ni mchanganyiko mzuri, nikafurahi. Nikatoka naye, nikapanga vibati kumi na viwili ukutani. Aliviangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo ya mtihani. Kisha akachukua kimoja.

"Hii."

Kilikuwa cha kahawia iliyoelekea nyekundu, kama tofali lililonyeshewa.

"Tata, hii njo unataka kwa inje?"

"Si nilisha kusema? Ya malakiti."

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Katika miaka yangu yote ya kazi nimecheka mara nyingi mahali pasipofaa, lakini kicheko kile ndicho ningekirudisha kama ingewezekana. Uso wake ulijifunga. Akarudisha kibati ukutani, kwa uangalifu sana, akasema, "Andika, nitie sinyatire." Niliandika namba ya kibati alichokishika, akatia sahihi bila kukaa, akaondoka.

Nikabaki na fomu. Sahihi ilikuwa yake, namba ilikuwa ya kahawia, na mdomo wake ulikuwa umesema kijani. Shefu wetu alitaka fomu zote zitumwe siku hiyo hiyo, maana zikishatumwa kiwandani hazibadiliki tena. Nilimwambia mtandao haupo. Kwa bahati, kweli haukuwapo. Ni mara yangu ya pekee kuushukuru.

Mchana nikamwendea Tata Mwilambwe, nikamweleza bila kutaja jina. Hakushangaa. Aliendelea kusugua mlango wa gari kwa karatasi ya msasa.

"Mu karakana tulikuwa na mutu moja," akasema. "Mukono yake ya kupaka verni, sitaona tena kama ule. Nyekundu na ya majani, kwake ilikuwa kitu kimoja. Alikuwa anaandika herufi ku bifuniko ya makopo. Siye bote tulijua."

"Na mulimuambia?"

"Tumuambie nini? Yee alijua kutupita. Kama kifuniko ilipotea, mutu anapita karibu na kusema, 'Ah, hii nyekundu imeisha sana,' anaenda. Vile mpaka pensheni." Akapuliza vumbi. "Mutu kama ule haiko kipofu, mama. Anaona bulu, anaona manjano, anaona mwangaza kukupita weye. Usimuulize jina ya rangi. Muwekee zote, ungoye ile itamuita."

Kesho yake nikapanda pikipiki ya taksi-moto kwenda Musonoi, fomu ndani ya mkoba. Nilikuwa nimejitungia sababu: sahihi haikuonekana vizuri. Depo ya Salumu ilikuwa wazi, wachimbaji wamepanga foleni na magunia yao. Mkewe alikuwa ameketi karibu na mizani, kitambaa cha maua kichwani, beseni la mawe miguuni. Nikasimama pembeni nikingoja zamu yangu.

Hapo nikaona jinsi walivyofanya kazi. Mchimbaji alimwaga mawe. Salumu aliokota moja, akalipima mkononi, akalikwaruza kwa ukucha, akaligongesha na lingine asikilize mlio. Kisha, bila kugeuka, akalishusha mpaka karibu na magoti ya Zaina, kana kwamba mkono umechoka tu. Zaina, akiendelea kumenya muhogo, akasema kama anazungumza na muhogo wake, "Iko muzuri." Lililofuata: "Ile ni majiwe tu." Salumu akamtajia mchimbaji bei. Foleni nzima ilikuwa inaangalia mizani. Hakuna aliyemwangalia yule mama na muhogo wake.

Salumu aliponiona alishtuka. Nikatoa sababu yangu kwa sauti ya kusikika, ati ni sahihi ya karatasi za lori lake la zamani, akanisindikiza mpaka barabarani.

"Tata," nikamwambia, "unisamehe kile kicheko."

Aliangalia pikipiki zikipita. "Basi unajua."

"Najua. Fomu sikuituma."

Kisha maneno yakaja yote pamoja. "Kobalti iko nyeusi, ile naweza. Shida yangu iko ile ya majani. Kama bantu banajua, kesho bataniletea udongo ya kila rangi na kusema iko malakiti. Tangu tulikuwa bachimbaji, Zaina njo macho yangu. Jiwe, nguo, ndizi kama iliiva, yote ananionyesha yee. Nilitaka kitu kimoja, mama. Kimoja tu nimuonyeshe mi."

Nilitaka kusaidia haraka, na haraka yangu ikanifanya niseme upumbavu. "Nikuchagulie ile ya majani muzuri kabisa? Hatajua."

"Hapana," akasema, wala hakukasirika. "Ile itakuwa zawadi ya mama Beatrisi."

Alikuja Jumatatu, kama nilivyomwomba. Safari hii niliweka vibati vyote vilivyokuwamo sandukuni, zaidi ya arobaini, juu ya ukuta, na majina yake nikayafunika kwa plasta ya hospitali. Sikumuuliza kitu. Alianza kutoa vile asivyovitaka. "Hii na hii ni moja," akasema, akinipa kimoja cha damu ya mzee na kimoja cha majani ya mgomba. Niliviangalia mkononi mwangu kwa dakika nzima nikijaribu kuona anavyoona. Sikuweza. Niliweza tu kuacha kudhani kwamba naona kila kitu.

Tulivimwagia maji, tukavinyunyizia vumbi, jua likapanda. Karibu na saa sita alikuwa amebakiwa na vitatu. Akarudisha viwili. Alichoshika kilikuwa cha buluu nzito, yenye chembe ndogo za mwanga ndani yake ukikigeuza.

"Hii."

"Juu ya nini hii, tata?"

"Sijue. Zingine zote zinanyamaza. Hii inasema."

Kwa ndani nilimpa mkufu wa vipande vya ngozi. Alifumba macho kwanza, akavipapasa kimoja kimoja kwa vidole vilevile vya kupimia mawe. Akafumbua. Akachagua ngozi ya rangi ya mchanga mkavu, inayokaribia manjano. Nikamweleza wajibu wangu: vumbi, jinzi, mikono ya watoto.

"Batoto hapana," akasema. "Bantu babili. Na Zaina anavaa kitenge."

Tata Mwilambwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipita karibu nasi na kazi za kubuni, hakuweza kujizuia. Alichukua kibati cha buluu, akakilaza juu ya ngozi ile, akarudi nyuma hatua tano. Alikunja uso, akakohoa, akarudi nyuma nyingine mbili.

"Na miaka yangu yote," akasema mwishowe, "mi hii singeiwaza."

Kutoka kwake hiyo ilikuwa medali.

Ilibaki nafasi moja kwenye fomu, ya uzi wa kushonea viti, ule unaoonekana pembeni. Watu wengi huiacha wazi. Salumu akauliza, "Uzi nayo iko na rangi yake?"

"Iko. Unachagua."

Alifikiri. "Basi uzi uandike ya majani. Ile kabisa ya malakiti. Mi sitaiona. Yee ataiona."

Niliandika namba ile nikiitaja kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na Tata Mwilambwe akaisoma nyuma yangu. Nikatuma.

Gari lilichukua miezi mitano. Liliposhuka kutoka kwenye lori la Lubumbashi, hata wauza mkate wa barabarani walisimama. Buluu ile chini ya jua letu ilikuwa na kina, ungedhani ukiweka mkono utaingia. Nilifungua mlango, nikavuta plastiki ya kiti. Ngozi ilikuwa sawa, ya mchanga mkavu. Uzi ulikuwa mwekundu.

Nikakimbilia faili. Namba yangu ilikuwa sahihi, kosa lilikuwa la kiwandani. Shefu alikuja, akatazama, akainua mabega.

"Ni uzi tu, mama. Nyekundu ni rangi ya spoti. Mpe ufunguo. Wala hataona."

Alisema hivyo kama watu wasemavyo, hakujua kitu. Lakini mimi nilijua kwamba ni kweli tupu: Salumu hataona. Zaina ataona uzi mwekundu na kufikiri mumewe alitaka mwekundu, na hatajua kwamba kulikuwa na kijani. Watu wawili wangefurahi, ofisi isingesumbuka, na duniani pote ni mimi na Mwilambwe tu ambao tungebaki na neno kooni. Wanangu, kazi ngumu niliyowahi kukutana nayo haikuwa na mteja mkali wala gari lililopinduka. Ilikuwa ile, ambapo kunyamaza hakukuwa na gharama yoyote.

Nikampigia simu. "Tata, gari imefika. Muzuri sana. Lakini uzi imekuja nyekundu."

Upande wake niliwasikia wachimbaji wakibishana bei. 

"Mi singejua," akasema.

"Njo vile."

"Na uliniambia." Nikamsikia akifunga mlango. "Munaweza kutengeneza?"

Shefu alikubali kwa masharti kwamba nisimsumbue. Nikamtafuta fundi wa viti wa hapa Dilala, na Tata Mwilambwe akaja bila kuitwa. Fundi alisema jambo moja: ngozi ikishatobolewa haina msamaha, kwa hiyo uzi mpya lazima upite katika matundu yale yale. Tulikata uzi mwekundu mshono kwa mshono kwa wembe, tukauvuta kwa kibano cha nyusi, chombo pekee cha thamani nilichowahi kuchangia kazini. Kisha uzi wa kijani, uliopakwa nta, kwa sindano mbili zilizopinda, mmoja akiingiza na mwingine akipokea upande wa pili. Siku tisa. Mgongo wangu bado unazihesabu.

Salumu alikuja kila mchana. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akishika kidonge cha uzi na kutulegezea tulipohitaji. Kila mara alikinyanyua kwenye jua. "Hii sasa iko ya majani?"

"Iko, tata."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Naye anaridhika, anaendelea kulegeza. Siku ya nne hivi nikatambua kwamba anafanya kwetu kile alichokuwa akifanya kwa mkewe siku zote, na kwamba si jambo dogo kupewa nafasi ile.

Siku ya kulichukua alimleta Zaina kwa kumwambia kuna vipuri vya lori vya kukagua. Zaina aliingia uwanjani akiwa na haraka, mkoba begani, akauliza vipuri viko wapi. Salumu akanyoosha kidole. Zaina alitazama gari, akatazama nyuma ya gari, akitafuta vipuri.

"Hii ya nani?"

"Ya siye."

"Salumu. Batoto sita."

"Batabaki na bibi yao. Siye babili tu. Njia ya Likasi."

Yule mama akasimama. Niliona jinsi neno lile lilivyomfikia, lilitoka mbali. Akalizunguka gari polepole, kitenge chake kikigusa milango. Kisha akauliza swali ambalo sisi watatu tulikuwa tukilingoja.

"Nani alikuchagulia rangi?"

"Hakuna. Mi mwenyewe."

Akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa. Akamwangalia Tata Mwilambwe, naye akatazama viatu vyake. Zaina akaweka kiganja juu ya kapo lenye joto na hakukiondoa.

"Unaiona?" akamuuliza mumewe, sauti ndogo.

"Ninaiona."

"Iko namna gani?"

"Iko kama saa ile jua inaisha kuingia, lakini giza haijafika," Salumu akasema. "Nilichagua mu zote. Zaidi ya makumi ine."

Zaina alifungua mlango akaingia, labda ili tusimwone uso. Alikaa muda, akashika usukani, akapitisha kidole pembeni mwa kiti. Tukasikia, "Na hii?"

"Ile sikuiona," Salumu akasema. "Ile niliomba tu. Iko ya majani? Ya malakiti?"

Sikuwahi kuona mtu akicheka na kulia kwa uso mmoja namna ile. "Iko," akasema. "Iko ya majani kabisa, Salumu."

Akateleza upande wa pili akamwachia usukani. Waliondoka bila kusaini karatasi ya kupokea gari, na nililazimika kuitafuta sahihi ile wiki nzima. Alikuja Zaina mwenyewe kuitia, na kuuliza namna ya kutoa vumbi kwenye ngozi ya mchanga. Jibu ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya mtoto na kitambaa laini. Kamwe msiruhusu petroli. Tata Mwilambwe alifariki mwaka uliofuata. Salumu ndiye aliyetupeleka makaburini mimi na fundi wa viti, na alitupeleka na lori, kwa heshima ya wingi wetu, maana gari lile ni la watu wawili.

Tangu gari lile, Salumu alibadilika. Alinunua mashine ya kupimia mawe, halafu akawaambia wachimbaji wake mwenyewe, hadharani, kwamba macho yake hayatofautishi rangi fulani, na atakayejaribu mchezo ataongea na mashine na mkewe, achague aliye mpole. Biashara haikufa. Akaanza pia kuuliza rangi za vitu kwa mtu yeyote, sokoni, msikitini, kwa polisi wa barabarani, kwa furaha kama mtoto aliyejifunza kusoma mabango.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja kuniaga. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Zaina alisimama mlangoni nyuma yake.

"Mama Beatrisi, weye hausemi bongo, unasema kweli," akasema. "Hii shati yangu iko rangi gani? Zaina anasema iko gri."

Nikatazama. Shati halikuwa la kijivu hata kidogo, lilikuwa la waridi, waridi ya keki ya harusi. Nyuma ya bega lake Zaina alikuwa ameweka kidole midomoni, macho yamemtoka kunisihi. Nilifikiri kwa haraka kuhusu miaka yangu ya kazi, na jina nililotaka kuacha.

"Iko roze, tata."

Aligeuka. "Zaina!"

"Inakupendeza," Zaina akasema, akirudi nyuma hatua moja. "Ningesema iko roze, ungevaa?"

Salumu alifikiri kwa haki. "Singevaa. Ziko ngapi?"

"Ine."

Alianza kucheka, akashika ukingo wa meza yangu, ile ambayo sasa ni yenu, akacheka mpaka kiti changu kikalia chenyewe. Kisha akajitazama chini.

"Na suruali?"

Nikainua macho kumtafuta Zaina anijibie. Hakuwapo mlangoni. Nje, injini ya lile gari la buluu ilikuwa imeshawaka.